Mwenye Kambi ni Mto

Bwana Jimbun alikuja kijijini kwetu na majibu kamili. Alichokuwa amebakiza ni kuuliza maswali tu. Alikuwa afisa wa ofisi ya ardhi, Mwiban kwa kabila, wa huko chini kwenye mto mkubwa, mtu wa makamo mwenye adabu nyingi na buti mpya zilizombana. Alitandaza ramani kwenye baraza ya nyumba yetu ndefu ya familia nyingi, akaibana pembe nne kwa makopo ya maziwa. Juu yake kulikuwa na vitone vyekundu mia moja na kumi na viwili, na kila kitone, alitufahamisha, ni mahali ambapo sisi Wapenan, watu wa kuhamahama msituni, tunakadiriwa kuwa tulipiga kambi. Kompyuta ndiyo iliyokadiria. Ilipewa ukaribu wa maji, ikapewa ardhi tambarare, ikapewa wepesi wa njia, ikafikiri mpaka ikapata joto. Ilipewa kila kitu isipokuwa Mpenan wa kumuuliza.

Supang aliacha mkeka aliokuwa akiufuma, akaja kuchungulia. Hajui kusoma, lakini mito anaijua hata ikichorwa kwa buluu.

"Hivi vyekundu ni nini, bwana? Ruba?"

"Ni kambi zenu za zamani, mama."

"Mbona zote ziko bondeni?"

"Karibu na maji, mama. Binadamu hukaa karibu na maji."

"Ala! Basi ni ruba kweli. Huko bondeni wanalala wao, sisi tulikuwa tunapita mbio."

Watu walicheka, na mkuu wa kijiji, Pagang, akakohoa kile kikohozi chake cha mikutano. Pagang ni kaka wa marehemu mume wa Supang, mtu mzuri, ila mjini wamemzoesha viti vya kuzunguka na tangu hapo akiona afisa yeyote mgongo unamlainika.

"Shemeji, mwache mgeni afanye kazi yake."

"Si namsaidia, shemeji? Au wewe ulilala huko na ruba?"

Mzaha ulikuwa mzaha tu, moyo wake haukuwemo. Alijua vile vitone vimekuja kufanya nini. Kampuni moja ilikuwa inautaka mgongo wa mlima uliopo kati ya mto Tepen na mto Lebeku, iufyeke wote na kupanda michikichi. Serikali, kwa huruma zake, ilikuwa imesema itaondoa humo kila ardhi iliyothibitika kuwa watu waliwahi kuishi hapo. Bwana Jimbun alikuwa ameshatembelea vitone ishirini. Hakukuta hata jiwe la jiko. Taarifa yake ilikuwa karibu kukamilika, na maneno yake yalikuwa mafupi: hakuna dalili ya makazi. Na juu ya mgongo ule ndiko alikozikwa mume wa Supang.

Basi hilo ndilo lililomtoa kwenye mkeka wake. Tingatinga halichagui, likipita juu ya mtu linapita.

Nikuambie kwanza huyu Supang ni nani, maana ukimwona barazani, na kaptura ya mjukuu na kipini chake, utadhani ni bibi kama mabibi wengine. Umri wake hakuna aliyeuhesabu. Yeye mwenyewe anahesabu kambi. Alizaliwa kambi ya hondohondo wawili, akaota meno kambi ya mvua, akaolewa ile ambayo nguruwe mwitu aliingia kibandani na kutoka na chandarua. Kambi ilikuwa ya mwezi mmoja, ikizidi sana miwili. Sagu, ile miti kama minazi ambayo tunakula unga wa shina lake, ya karibu ikiisha, watu wanabeba watoto na vyungu, wanahamia mgongo mwingine. Vibanda vinabaki, vinaoza, msitu unavimeza, na baada ya miaka kumi sagu imeota tena na watu wanarudi. Kwa ofisi ya ardhi, mtu anayejua kuondoka bila kuharibu ni mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Na zote, nakuapia, zilikuwa juu. Juu kuna upepo, moshi unakwenda zake. Juu hakuna mbu wengi wala ruba, na mafuriko hayapandi ngazi. Juu unasikia hondohondo akipiga mabawa bonde la tatu. Mwanamume anafika, anainua shingo kutazama kama kuna mti mkavu utakaowaangukia usiku, anatazama sagu iko upande gani, anatua mzigo: hapa. Basi, kambi imezaliwa. Maji yako wapi? Maji yako chini kabisa, mwendo wa kuimba nyimbo tatu. Nani anayachota? Wanaume hawakuwahi kupata nafasi ya kulizingatia jambo hilo.

Mume wa Supang ndiye aliyekuwa bingwa wa mchezo huo. Wengine wakitua mizigo yeye anasema, "Pale juu kidogo pazuri zaidi." Pale juu kidogo! Supang alikuwa anapanda na mianzi minne ya maji mgongoni huku akimtukana kwa kila hatua, na akifika anamkuta amekaa kwenye upepo, anachonga vishale, anatabasamu.

"Umechoka?" anamuuliza.

"Nimekufa. Unayeongea naye ni mzimu."

"Lakini sikia upepo huo, Supang."

Siku moja Supang alimwambia kama maji ni mepesi akachote mwenyewe. Akaenda. Akarudi na mianzi miwili, akasema mbona si kitu, kesho yake akalala kutwa nzima anasingizia homa. Supang alicheka mpaka akashika ubavu. Miaka ile waligombania maji kila siku ya Mungu, na hakuna ugomvi aliowahi kuupenda hivyo.

Kisha ikaja homa ya kweli. Walikuwa mgongo ule wa juu ya Lebeku, msimu wa matunda ya doriani, na siku ya nne mtu hakuamka. Wakamzika palepale ndani ya kibanda, pamoja na bomba lake la kupulizia vishale, panga lake, na kitambulisho cha serikali alichokuwa amekwenda kupigiwa picha mjini akafumba macho. Wakaondoka siku hiyohiyo. Kwetu kambi iliyofiwa hairudiwi. Na jina la mtu linabaki naye. Hulitaji, hasa wewe uliyelala naye mkeka mmoja. Kumwita mtu asiyeweza kuitika ni kumwamsha halafu huna la kumwambia, na hakuna ubaya unaozidi huo. Tukitaka kumsema tunamwita kwa mto aliolala karibu yake. Yeye akawa Lebeku. Miaka kumi na tisa sasa ni Lebeku.

Basi Supang akakaa na Bwana Jimbun siku mbili barazani, akamtolea kambi moja moja kutoka kichwani. Kambi thelathini na moja. Ni mgongo gani, sagu ilikuwa upande upi, nani alizaa, nani aliumwa na nyoka. Bwana Jimbun aliandika mpaka wino wa kalamu ukamwishia. Kwenye safu ya "mwenye kambi" akawa anauliza, na Supang anajibu bila kusita.

"Hii ya kwanza mwenyewe nani?"

"Tepen."

"Ya pili?"

"Tepen huyohuyo. Ya tatu ni Serau. Ya nne Serau na mkewe, Bekaya."

"Ahsante sana, mama. Una kumbukumbu ya ajabu."

"Mguu ndio unaokumbuka, bwana. Kichwa kinafuata."

Siku ya tatu asubuhi, tunakunywa chai, tukasikia kishindo. Bwana Jimbun amepiga meza. Alikuwa ameweka orodha kando ya ramani ili ahakikishe tahajia, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama Supang! Tepen ni mto!"

"Ndiyo."

"Serau ni mto! Bekaya ni mto! Umenipa kambi thelathini na moja, na majina yote ni mito!"

"Uliniuliza wenye kambi, nikakutajia."

"Mito inapiga kambi?"

"Ni watu, bwana. Walikuwa watu. Sasa wamekuwa hiyo mito."

Tukamweleza. Alisikiliza vizuri, kwa sababu ni mtu wa adabu. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema yeye kama yeye anaelewa, hata kwao wana miiko, lakini fomu haina kwao. Fomu inataka jina la mwenye kambi, binadamu aliyeishi pale, tena si shahidi mwenyewe, jina lililomo kwenye daftari la serikali. Jina moja tu lingetosha kuuokoa mgongo mzima. Shahidi aliyeishi kambini alitaje kwa mdomo wake, likiwa limenaswa kwenye mashine, yeye alilinganishe na daftari.

"Mkuu hapa hawezi kulitaja?" aliuliza.

Pagang alitazama kikombe chake. "Mimi ni kaka yake. Na hata hivyo sikuwepo. Nilikuwa kwenye mkutano."

"Siku gani hukuwa kwenye mkutano, shemeji?" Supang alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alikuwa ameshapiga hesabu. Wafu wengine wote wa zile kambi thelathini na moja walikwenda kabla vitambulisho havijafika huku. Aliyekuwamo kwenye daftari ni mmoja tu, yule aliyefumba macho.

"Na kitambulisho chake kiko wapi?" akauliza Bwana Jimbun.

"Kiko naye."

"Naye wapi?"

"Naye huko. Kafukue ukitaka."

Bwana Jimbun hakutaka. "Basi wewe utalitaja jina, mama. Mimi siruhusiwi hata kukudokeza."

"Sitaji."

"Basi nitaandika hakuna dalili ya makazi."

Supang aliinuka, akaenda kwenye mkeka wake, akafuma mistari mitatu yote imekosewa. Akaifumua. Akarudi akiwa ameshavaa tenga la mgongoni.

"Twende nikakuonyeshe kwanza. Huwezi kuandika hakuna na hujapanda."

"Shemeji," Pagang alimnong'oneza, "kambi ile hairudiwi."

"Najua hairudiwi! Unadhani nimesahau? Wewe kaa, kampuni ikija kupanda michikichi kwenye mbavu za kaka yako uiandalie mkutano."

Ule mlima una tabia zake. Kwa saa ya kwanza Bwana Jimbun alikuwa anaeleza kuhusu mteremko na asilimia. Saa ya pili alikuwa anaeleza kuhusu goti lake. Saa ya tatu hakuwa na maelezo. Ruba walimwingia ndani ya zile buti mpya, na kila aliposimama kuwatoa Supang alimkumbusha kwa upole kuwa yuko karibu na maji, binadamu hukaa karibu na maji. Walipofika juu, upepo ukawapiga usoni, mtulivu, baridi kidogo. Bwana Jimbun alifungua vifungo viwili vya shati, akafumba macho.

"Aa," alisema. "Hapa pazuri."

Supang alitangulia, hakugeuka nyuma.

Kibanda hakikuwepo, bila shaka. Vibanda vyetu havina tabia ya kungojea maafisa. Mahali pake kulikuwa na kichaka kidogo cha makangaga na ardhi iliyobonyea, na kuizunguka, kama kitu kilichopimwa kwa kamba, ilisimama midoriani sita mirefu, na wa saba mbali kidogo. Bwana Jimbun akachangamka. Akatoa fomu.

"Dalili! Miti ya matunda. Nani aliipanda?"

"Hakuna aliyeipanda. Tulitema."

"Mlitema?"

"Kokwa. Tulikuwa tunakula tumekaa hapa, tunatema kule. Ule mmoja uliosimama peke yake ni wa kwake. Alikuwa anapenda kutema mbali kuliko wengine."

Bwana Jimbun alitafuta kwenye fomu kisanduku cha "kutema", hakukipata, akaandika "bustani". Akaendelea, kwa sababu fomu ina kurasa sita na Mungu hakumpa njia ya mkato.

"Kwa nini kambi iliachwa?"

"Mtu alikufa."

"Mtu wa mwisho kuitumia ni nani?"

"Mwenyewe. Bado anaitumia."

Kalamu ilisimama. Bwana Jimbun akamtazama yeye, akatazama ile ardhi iliyobonyea, akarudi nyuma hatua mbili, akajikuta amevua kofia. Akatoa kinasa sauti mfukoni, akakiweka juu ya mzizi, taratibu.

"Mama. Imebaki safu hii moja."

Hapo ndipo Supang aligeukia kule kwenye makangaga. Nilimsikia baadaye akisema kilichomtisha si mzimu. Mzimu wa mtu aliyeshindwa na mianzi miwili ya maji ungemfanya nini? Kilichomtisha ni kwamba angemwita kwa sauti yake, ile sauti ambayo mumewe anaijua, na mumewe angesikia. Miaka kumi na tisa hajamwita hata moyoni. Alikuwa analizunguka jina kama unavyomzunguka mtoto aliyelala sakafuni.

Akalitaja.

Mimi silitaji hapa. Mimi si ofisi ya ardhi. Lilitoka dogo, limepasuka katikati, na machozi yakatoka nalo. Hakuna kilichotokea. Upepo uliendelea.

"Samahani sana, mama," alisema Bwana Jimbun. "Rudia. Betri ilikuwa imelegea."

"Unasema?"

"Taa haikuwaka. Rudia tafadhali."

Supang alimwangalia kwa jicho ambalo mimi nisingependa kuangaliwa nalo. Akalirudia. Safari hii lilitoka zima, na mdomo wake ukashangaa ulivyolikumbuka, mahali pa ulimi na kila kitu.

"Ahsante. Ila hapo mwisho, mama, ni 'n' au ni 'ng'? Daftari litakataa."

"Mtu huyu!" Supang alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Akalipaza lile jina kwa hasira yake yote, kama alivyokuwa akilipaza zamani akiwa na mianzi minne mgongoni na mtu amekaa juu kwenye upepo, na ng'ambo ya Lebeku mlima ukalisema tena, waziwazi, na 'ng' yake mwisho.

"Ni 'ng'," Bwana Jimbun aliandika.

Barua ilikuja baada ya miezi kumi na minne, ikiwa na mihuri mitatu. Mgongo umeondolewa kwenye eneo la kampuni. Ramani mpya ikabandikwa ukutani kwenye ukumbi wa kijiji, ina vile vitone vyote vyekundu mia moja na kumi na viwili bondeni, maana kompyuta haikosei, na kitone kimoja kipya juu, na kando yake jina la mtu, limechapwa kwa herufi nzuri ambazo kila mtoto wa shule anaweza kuzisoma. Pagang alihutubia. Alipomaliza, Supang alipigilia msumari juu ya lile jina akatundika kikapu, na hadi leo wageni wakija kutazama ramani tunawaonyesha kikapu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile juu ya mlima Bwana Jimbun alikusanya karatasi zake, akafunga buti, akatazama mawingu.

"Tumemaliza, mama. Tushuke kabla ya mvua."

"Kaa pale kwenye mzizi."

"Mvua, mama."

"Nimesema kaa. Nimemwamsha mtu mara tatu. Nitaondokaje bila kumwambia kitu?"

Alitua tenga, akakaa karibu na yale makangaga, akanyoosha miguu. Alifuta uso kwa ncha ya blauzi. Alianza na binti yao, ambaye aliachwa hawezi kubeba hata mwanzi mmoja wa maji na sasa ana watoto watatu, wa katikati amechukua masikio ya babu yake, pole yake. Akamwambia nguruwe wamepungua. Akamwambia Pagang ameota kitambi. Mvua ilianza, na Bwana Jimbun akajifunika ramani kichwani, akabaki palepale kwenye mzizi.

"Maji siku hizi yanakuja kwa mpira mpaka mlangoni," Supang alisema. "Unafungua tu. Nikifungua nakutukana hivyohivyo, kwa mazoea. Na huyu bwana uliyemsikia ametoka mjini kuja kutufundisha kwamba watu hupiga kambi karibu na maji. Usimcheke. Hakukujua wewe."